MKATABA WA NYUMBA NI AHADI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kwanza, tumche Mwenyezi Mungu misikitini mwetu na majumbani mwetu. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo hutuletea hasama nyingi: haki baina ya mwenye nyumba na mpangaji wake.

Mnazijua nyumba zetu za Ngamiani na Makorora. Ukumbi hupita katikati, vyumba viko huku na huku, na nyuma kuna ua. Mwenye nyumba hukaa chumba cha mbele na vingine hupangisha. Watu hao huteka maji pamoja na hufuturu pamoja mwezi wa Ramadhani. Kwa mazoea hayo huona haya kuandikiana. Husema, "Sisi ni ndugu, karatasi ya nini?"

Siku moja baada ya sala ya alasiri walinijia watu waliokuwa wakisema hivyo hivyo. Mmoja alikuwa fundi seremala aliyepanga vyumba viwili kwa mzee mmoja. Alilipa kodi ya miezi sita mkono kwa mkono. Kisha, kwa ruhusa ya mzee, akabadilisha mabati yaliyooza kwa fedha zake, wakakubaliana gharama hiyo ikatwe katika kodi itakayofuata. Mwezi wa pili mzee akafariki. Warithi wakaja, wakadai kodi tangu siku ile. Fundi akasema amekwisha lipa. Hawakumsadiki. Siku ya tatu waking'oa mlango, na masika yalikuwa yameanza. Watoto wake wakalala kwa jirani.

Msifanye haraka kuwalaumu warithi wale. Ndani ya mirathi hiyo mlikuwa na haki ya mjane na haki ya mayatima, na mwenye kusimamia mali ya yatima ataulizwa kwa kila senti. Fundi hakuwa mwongo, na wao hawakuwa wezi. Kilichokosekana ni shahidi.

Mlango ulirudishwa usiku ule ule. Gharama ya mabati ilikubaliwa, kwa kuwa muuza duka alikuwa na nakala ya stakabadhi. Lakini kanuni ya sheria yetu ni kuwa mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi, na kodi ya miezi minne iliyobaki haikuwa na shahidi ila Mwenyezi Mungu. Fundi yule akailipa mara ya pili.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mwanzo wa Suratul Maida tumeamrishwa kutimiza mikataba yetu. Na katika Suratul Baqara, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, tumefundishwa kuandika deni la muda na kuweka mashahidi. Basi kumwandikia ndugu yako si kumtuhumu. Ni kumhifadhi yeye, na kuwahifadhi watoto wako utakapokuwa kaburini.

Wanavyuoni huiita kodi ya nyumba *ijara*, nayo ina masharti. Kodi ijulikane ni kiasi gani, na muda ujulikane unaanza lini na kwisha lini. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kama ilivyoelezwa katika Minhaj ya Imamu Nawawi, ni juu ya mwenye nyumba kukabidhi ufunguo na kuitengeneza nyumba inapoharibika. Asipotengeneza, mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Na mkataba huo haufi kwa kufa mwenye nyumba. Warithi huipokea nyumba pamoja na ahadi iliyo juu yake. Mpangaji naye ameshika amana. Kitu kikiharibika kwa uzembe wake, atalipa. Kikichakaa kwa matumizi ya kawaida, halipi.

Sheria ya nchi nayo iko karibu na mafundisho haya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa utulivu, na anapopangisha sehemu tu ya jengo, atunze paa na kuta. Mwenye kulipa kwa mwezi bila muda maalumu hatakiwi kutolewa kwa ghafula. Apewe notisi isiyopungua mwezi. Naye akitaka kuhama, atoe notisi hiyo hiyo.

Wazee wangali wanayakumbuka Mabaraza ya Nyumba ya Mikoa, yaliyowekwa na sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano ya watu wawili, na kwa sababu hiyo karatasi ya mapatano ndiyo ngao ya mnyonge.

Mkigombana, anzeni kwa wazee na mwenyekiti wa mtaa. Isipofaa, nendeni Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 kazi ya baraza hilo katika migogoro ya ardhi na nyumba ni kupatanisha tu, wala halitoi hukumu. Suluhu ikishindikana, litatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na kwa hati hiyo mtaingia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye uwezo wa kuhukumu.

Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao humweleza maskini haki yake na kumwandalia barua bila malipo, ingawa hawamsimamii barazani. Kina mama waulizie pia Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA.

Ewe mwenye nyumba, usiingie chumba cha mpangaji bila idhini. Suratun Nur imekukataza kuingia nyumba ya mwenzio kabla ya kubisha hodi, na chumba ulichokipangisha ni nyumba yake. Usimng'olee bati wala mlango. Mwenye dhiki ya kweli mpe muda. Ewe mpangaji, mwenye uwezo akichelewesha deni, Mtume (S.A.W.) amekiita kitendo hicho dhuluma. Huenda kodi unayoizuia ndiyo chakula cha mjane leo jioni.

Basi kabla ya Ijumaa ijayo, kila mmoja achukue karatasi. Aandike majina, kiasi, muda na nani atatengeneza nini. Watie sahihi wawili hao na mashahidi wawili, kila mmoja abaki na nakala. Na kila kodi inapolipwa, stakabadhi itolewe.

Ewe Mola wetu, tutilie baraka katika majumba yetu, tuepushe na kula mali ya wenzetu kwa batili, na utujaalie makazi ya kudumu katika Pepo yako. Amin.