Matangazo ya Halmashauri Sasa Husomwa Kwenye Simu: Kazi ya Wataalamu wa Tovuti Yabadilika

Zamani aliyetaka kusoma tangazo la Serikali kwenye intaneti alihitaji kompyuta ya ofisini au ya kulipia mjini. Leo mkazi wa kata hulisoma akiwa shambani, sokoni au ndani ya daladala, kwa simu yake na kwa kifurushi alichonunua mwenyewe. Mazoea hayo mapya yamebadili kazi ya wataalamu wa tovuti.

Kurasa za awali zilipangwa kwa upana wa kioo cha kompyuta. Zilipofunguliwa kwenye simu, maandishi yalikuwa madogo na msomaji alilazimika kuusogeza ukurasa kulia na kushoto. Mwaka 2010, mbunifu wa Marekani Ethan Marcotte alieleza namna ya kujenga ukurasa unaojipanga wenyewe kulingana na upana wa kioo. Mwaka 2015, Google ilianza kuzipa kipaumbele kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu pale mtu anapotafuta jambo kwa simu. Mwisho wa mwaka 2020, Adobe iliacha kuihudumia Flash, programu iliyotumika kuonesha michoro inayotembea. Waliokuwa mahiri katika programu hiyo walilazimika kujifunza upya.

Jambo lingine ni uzito wa ukurasa. Barua iliyopigwa picha kwa skana inaweza kufikia megabaiti kadhaa, ilhali maneno yaleyale yakichapwa moja kwa moja kwenye ukurasa huchukua kilobaiti chache. Gharama ya tofauti hiyo hubebwa na mkazi. Isitoshe, programu zinazowasomea wasioona kwa sauti mara nyingi hushindwa kusoma barua iliyo katika picha.

Mfano ni tangazo la mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tangazo hilo lisipofunguka, kikundi chenye sifa zote kinaweza kupitwa na tarehe ya mwisho, na wasioona wakawa wa kwanza kukosa fursa iliyotengwa kwa ajili yao.

Kwa sababu hiyo, mtaalamu wa tovuti hutakiwa kupunguza uzito wa picha, kuweka tarehe ya mwisho katika mistari ya kwanza, na kuujaribu ukurasa kwenye simu ya bei nafuu kabla ya kuuchapisha. Mbao za matangazo nazo hubaki na umuhimu wake kwa wasio na intaneti.

Matangazo mengi sasa husambaa kupitia makundi ya WhatsApp, na picha ya tangazo ni rahisi kughushiwa. Wananchi wanashauriwa kuhakiki habari kwenye tovuti rasmi, ambayo jina lake huishia na .go.tz. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, wala hayatumwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.

Mkazi anayekutana na tangazo lisilofunguka au lisilosomeka anaombwa kutoa taarifa kwa Afisa Mtendaji wa Kata au Kitengo cha TEHAMA, akitaja kichwa cha tangazo na aina ya simu anayotumia. Kwa taarifa hiyo, mtaalamu hujua pa kuanzia marekebisho.