Masomo ya Mtoto Huanza Kabla ya Shule

Kila mwaka shule zifunguliwapo mwezi wa Januari, mwalimu wa watoto wadogo hupokea darasa jipya, na siku ile ya kwanza huwauliza maswali mepesi. Umekuja na nani? Njiani umeona nini? Mtoto mmoja hujibu kwamba amekuja na nyanya yake, na kwamba walimkuta ng'ombe amelala katikati ya njia, akakataa kuondoka mpaka nyanya alipookota fimbo. Mtoto wa pili, mwenye umri ule ule, na ambaye viatu vyake ni vizuri kuliko vya mwenzake, hutazama chini akajibu neno moja tu, au asijibu kabisa. Kabla ya juma kwisha, watu huanza kusema kwamba wa kwanza ana akili na wa pili hana.

Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Huenda watoto hao wawili walizaliwa na akili sawa. Tofauti yao ni maneno waliyoyasikia nyumbani kwa miaka minne au mitano, na maneno waliyoruhusiwa kuyasema wao wenyewe. Mkulima wa kahawa anajua vyema jambo hili. Mche ulionyimwa maji na kivuli katika kitalu hauwezi kulaumiwa shambani kwa kuwa dhaifu. Shule ni shamba, lakini kitalu ni nyumba ya mzazi.

SIKIO HUTANGULIA

Watu wengi hudhani kwamba hakuna faida ya kuongea na mtoto mchanga, kwa kuwa hajui kujibu. Wataalamu waliochunguza habari za watoto wameonyesha kwamba sivyo. Mtoto huanza kusikia sauti ya mama yake katika miezi ya mwisho ya mimba, na akiisha kuzaliwa huitambua sauti hiyo kuliko ya mwanamke mwingine. Apatapo miezi sita hivi, hucheza na sauti, akisema ba-ba na ma-ma bila maana. Karibu na mwaka mmoja hutamka neno lake la kwanza, na kabla ya kutimiza miaka miwili au karibu na hapo, huunganisha maneno mawili, kama vile "mama maji". Kisha huja wakati wa maswali: Nini hii? Kwa nini? Mbona?

Hapo ndipo wazazi wengi hukosea. Baba amerudi kutoka kazini amechoka, na mtoto anauliza kwa nini moshi unakwenda juu. Baba husema, "Nyamaza." Mtoto akinyamazishwa hivyo kila siku hatimaye hutii, na huyapeleka matunda ya utii huo mpaka darasani. Lakini akijibiwa, hata kwa maneno machache, hujifunza mambo mawili kwa mara moja: habari za moshi, na ya kuwa maneno yake yana thamani.

Redio na simu haziwezi kushika kazi hiyo mahali pa mzazi. Vyombo hivyo husema, lakini havimsikilizi mtoto wala kumngoja amalize sentensi yake.

Yapasa pia kuangalia masikio yenyewe. Mtoto anayetoka usaha masikioni mara kwa mara huweza kupungukiwa na kusikia, na asiyesikia sawasawa huchelewa kusema. Mtoto wa namna hiyo, au yule ambaye ametimiza miaka miwili bila kuunganisha maneno, apelekwe hospitali akapimwe mapema, wala asiitwe mjinga.

LUGHA IPI ITUMIKE NYUMBANI?

Kuna makarani na waalimu ambao, kwa kuwapenda sana watoto wao, wamekataza lugha ya kwao isisemwe nyumbani. Hutaka mtoto asikie Kiingereza tu, ili asije akabaki nyuma. Nia yao ni njema, lakini yafaa waichunguze njia yenyewe. Katika nyumba nyingi za namna hiyo, Kiingereza anachokipata mtoto ni amri chache: njoo, keti, kula, usiguse. Mama huijua lugha hiyo kidogo, na nyanya haijui kabisa. Kwa hiyo mama hupunguza maneno, naye nyanya hunyamaza. Mtoto aliyekusudiwa kupewa lugha mbili hukosa ile moja iliyo tajiri, akabaki na ile nyingine iliyo maskini.

Kusoma hujifunzwa mara moja tu. Mtu akiisha kufahamu kwamba alama katika karatasi ni sauti, na kwamba sauti zikiunganishwa huwa neno lenye maana, ufahamu huo huuchukua pamoja naye katika lugha nyingine yo yote. Lakini hawezi kuupata kwa maneno asiyoyajua. Mtoto aliyefundishwa kutamka neno ambalo hajapata kulisikia hawezi kujua kama amelisoma vizuri au vibaya. Basi anayesema lugha ya nyumbani kwa ufasaha hakichelewesha Kiingereza chake, bali anakijengea msingi.

Jambo hili limefikiriwa katika Kenya kwa miaka mingi. Mwaka 1957 kituo maalum kilianzishwa Nairobi kutafuta njia ya kuwafundisha watoto kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kazi hiyo ilianza katika shule za Waasia, na katika miaka ya 1960 njia hiyo ikaenea katika shule za Waafrika. Tume ya Elimu chini ya Profesa Ominde, katika taarifa yake ya mwaka 1964, iliikubali njia ya Kiingereza. Lakini tume hiyo hiyo ilishauri kwamba katika madarasa matatu ya kwanza kiwekwe kila siku kipindi cha kusimulia hadithi kwa lugha ya kienyeji. Mwaka 1976 kamati iliyoongozwa na Bwana Gachathi ilipendekeza kwamba madarasa hayo yafundishwe kwa lugha ya watu wanaoishi karibu na shule. Mtaala ulioenezwa nchini tangu mwaka 2019 nao unataka watoto wadogo waanze kufundishwa kwa lugha hiyo.

HADITHI NI SOMO

Wazee hawakungoja tume yo yote ili wajue haya. Katika nchi ya Waluo, watoto walikusanyika usiku katika siwindhe, yaani nyumba ya bibi mzee, wakafundishwa hadithi, mafumbo na desturi. Pwani, msimulizi huita "Paukwa!" na watoto huitika "Pakawa!" kabla hadithi haijaanza. Anayetega kitendawili humlazimisha mtoto kushika maneno kichwani, kuyapima, na kutafuta maana iliyofichwa ndani yake, na msomaji wa kitabu hufanya hayo hayo. Naye asikiaye hadithi hujifunza kwamba mambo yana mwanzo, katikati na mwisho, akawa tayari kukitumaini kitabu kitakapofunguliwa mbele yake.

Kwa hiyo mzazi asiyejua kusoma asidhani kwamba hana cha kumpa mtoto. Mama anayepepeta maharagwe aweza kuyataja mazima na mabovu, mengi na machache. Baba aendaye zizini aweza kumwuliza mtoto ni ng'ombe yupi aliyekunywa maji kwanza, naye mtoto akasimulia. Mchezo wa kupiga makofi humzoeza kuzigawa sauti: ma-hi-ndi, makofi matatu, ki-ko-mbe, matatu, ku-ku, mawili.

KUTOKA NENO HATA HERUFI

Mtoto aliyezoea kuzigawa sauti hivyo haogopi herufi. Kiswahili kina wema mkubwa kwa mwanafunzi mchanga. Irabu zake ni tano, na kila moja husomwa kwa namna moja tu po pote itokeapo. Aliyejua ma na ji amekwisha kusoma maji. Mzazi aweza kuanza na jina la mtoto mwenyewe, akaliandika kwa kijiti katika mchanga. Tena maandishi hayakosekani nyumbani: kwenye mfuko wa mbolea, pakiti ya unga, kalenda ya ukutani, na kitabu cha kliniki. Mtoto aonyeshwe kwamba alama zile zinasema neno.

Kama kuna kitabu, hata kimoja, kisifungiwe sandukuni kisije kikachafuka. Baba amweke mtoto karibu, apitishe kidole chini ya maneno anapoyasoma, kisha amwulize anadhani nini kitafuata. Robo saa yatosha. Kama mzazi hajui kusoma, kaka au dada aliye shuleni asome kwa sauti mbele ya wote, na wazazi wamsikilize kwa heshima. Mdogo wake ataona kwamba kusoma ni kazi yenye sifa katika nyumba ile.

Mzazi hununua sare, viatu na mkoba kabla ya siku ya kwanza ya shule, na ni vyema afanye hivyo. Lakini mtoto aliyejibiwa maswali yake miaka minne anao mzigo mwingine usioonekana, ambao hauuzwi katika duka lo lote. Mwalimu atakapomwuliza ameona nini njiani, atakuwa na la kusema.