Makmende wa Eastlands na ile albamu ya pili

Juzi jirani yetu alijitia kati kuamua ugomvi wa makanga wawili pale stejini. Mpwa wangu, ambaye yuko sekondari, akacheka: "Huyo naye anajifanya Makmende." Nikamuuliza Makmende ni nani. "Si yule wa video, mjomba? Yule mwenye afro."

Jibu lake si la kosa, lakini ni nusu. Nusu ya pili naijua kwa sababu nilikuwako.

Nilipokuwa mdogo, likizo za Agosti nilikuwa nikipelekwa Nairobi kwa mamangu mdogo, mtaa wa Jericho, huko Eastlands. Mtoto wa Mombasa nikachekwa Kiswahili changu hadi nikajifunza chao. Neno la kwanza nililofundishwa ni hilo. Ukipanda ukuta mrefu, au ukimjibu mtoto mkubwa kuliko wewe, wenzako wanakuuliza: kwani wewe ni Makmende? Hakuna aliyejua Makmende ni mtu gani. Tulijua tu kwamba hapigiki.

Asili yake ni sinema. Mwaka 1983 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Sudden Impact, ambamo Clint Eastwood anacheza polisi asiye na huruma. Anamwelekezea mhalifu bastola na kumwambia maneno matatu ya Kiingereza, "make my day", yaani jaribu uone, utanifurahisha. Watoto wa mitaa ya Nairobi waliyasikia kama jina la mtu. Likaenda Umoja, likaenda Buruburu, kila mahali wakilitia chumvi zao. Hapakuwa na gazeti wala kitabu kilicholibeba. Lilibebwa na midomo.

Sasa tuje kwenye muziki. Just A Band ni vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta: Bill Sellanga anayejulikana kama Blinky Bill, Dan Muli, Jim Chuchu na Mbithi Masya. Albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka 2008. Ya pili, waliyoiita 82, ikafuata 2009. Wakati huo Eastlands ilikuwa na muziki wake unaojulikana. Mtaa wa California ulikuwa na Calif Records na genge ya kina Jua Cali. Dandora ilikuwa na hip hop ya Kalamashaka na Ukoo Flani Mau Mau, na hapo tusijisahau, kwa sababu Ukoo Flani ni wana wa Mombasa. Hawa wa Just A Band hawakuwa upande wowote. Walichanganya disko ya zamani, fanki, hausi na sauti zilizopitishwa kwenye kompyuta mpaka zikawa kama za mtu anayeota. Wazungu wana jina la muziki wa rock unaokuelekeza ndotoni hivyo, saikedeliki. Hii si rock, lakini nadhani ni binamu yake wa karibu kuliko wote tulionao. Mara ya kwanza niliposikiliza 82 nilifikiri spika yangu imeharibika. Wimbo wa Usinibore ndio ulionirudisha, na hadi leo ndio niupendao kuliko huo uliowapa umaarufu.

Muziki wa namna hiyo haukuwa rahisi kupata nafasi kwenye matatu. Kilichoukomboa ni video. Machi 2010 bendi ilitoa video ya wimbo Ha-He kutoka albamu hiyo ya pili. Ndani yake mwanamume mwenye afro na kitambaa kichwani anatembea mjini akiwatwanga majambazi, kila kitu kimepigwa kama sinema ya miaka ya sabini. Wakampa jina: Makmende. Tena wakatangaza kwamba amerudi.

Hilo neno "amerudi" ndilo lililofanya kazi yote. Mtu mzima wa miaka thelathini, ofisini, aliliona akakumbuka ukuta wa Jericho. Hakuhitaji kuelezwa. Kwa siku chache Twitter na Facebook zilijaa vichekesho vya Makmende, kila mtu akitunga chake, na magazeti ya ng'ambo yakaandika kwamba Kenya imepata shujaa wake wa kwanza wa intaneti.

Hapa nina neno langu kama mtu wa Pwani. Hadi 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Mwaka huohuo wa albamu ya 82 nyaya za chini ya bahari zilifika, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM. Zote mbili zilitua Mombasa. Tuliziona meli, tukaona viongozi wakipiga picha, kisha nyaya zikapita zikaenda zao bara. Miezi michache baadaye Nairobi ilikuwa ikitazama video na kucheka na dunia nzima. Sisemi tulionewa. Nasema mlango ulikuwa kwetu na sisi hatukuwa na cha kupitisha, au tulikuwa nacho tukakiona cha kitoto.

Maana jambo lililoniuma zaidi lilikuwa hili. Watu walipojaribu kuandika ukurasa wa Makmende katika Wikipedia ya Kiingereza, ulifutwa zaidi ya mara moja. Wahariri wa huko waliona ni upuuzi, jina la kubuni lisilo na ushahidi wa maandishi. Na kweli maandishi hayakuwapo. Watoto wa mitaa chungu nzima walilijua neno hilo, lakini kwa kuwa halikuandikwa, lilihesabiwa kuwa halipo. Ukurasa ulisimama baada ya vyombo vya habari vya nje kuandika.

Just A Band walitoa albamu ya tatu, Sorry for the Delay, mwaka 2012, kisha wakatawanyika kwenye kazi zao. Masya alitengeneza filamu ya Kati Kati, na Blinky Bill akatoa albamu yake peke yake mwaka 2018. Mpwa wangu hakujua hata moja kati ya hizo. Jina la Makmende alikuwa nalo.

Baada ya kumweleza yote haya nilimuuliza wao huku, wakicheza, wanamwitaje mtoto anayejifanya hapigiki. Akanitajia neno ambalo sijapata kulisikia. Nikachukua kalamu. Akanishika mkono: "Aa, mjomba, hilo haliandikwi."