Baridi, joto na jiko la mkaa chumbani

Siku ya gulio pitia kwenye turubai la mitumba. Katikati ya mashati na suruali utaliona koti moja zito, limejazwa manyoya ya bata, lina kofia yenye manyoya pembeni. Saa saba mchana hakuna anayeligusa. Mnunuzi wake ni kijana wa bodaboda, yule anayetelemka vilima vya Murukulazo saa kumi na moja alfajiri huku ukungu unampiga kifuani.

Koti hilo halikushonwa kwa ajili yake. Lilishonwa kwa ajili ya nchi ambazo mtu akitoka nje bila koti anaweza kufa. Nchi hizo siku hizi si ngeni kwetu. Wengi wanaikumbuka kambi ya Lukole hapa Ngara. Kuanzia mwaka 2007, maelfu ya Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972, na ambao walikuwa wakiishi katika kambi za Tanzania, walichukuliwa kwenda kuishi Marekani. Baadaye Wakongo wengi wa kambi ya Nyarugusu huko Kasulu walifuata njia hiyo. Wengine walikwenda Kanada, wengine Australia. Hivyo leo mtu anaweza kuwa shambani anapalilia maharage, simu ikalia, na anayepiga amesimama kwenye theluji.

Tuangalie Januari ya mwaka 2019. Tarehe 24, katika mji wa Adelaide huko Australia, joto lilipanda hadi nyuzi 46.6. Siku sita baadaye, tarehe 30, katika mji wa Chicago huko Marekani, baridi ilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Maji huganda yakifika sifuri. Miji yote miwili ina watu wanaosema Kiswahili. Mwezi ni ule ule, jua ni lile lile. Imekuwaje?

Wengi hudhani kwamba wakati wa baridi dunia imekwenda mbali na jua. Sivyo. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, wakati watu wa Chicago wanatetemeka. Sababu ni kwamba dunia imeinama. Mwezi Januari upande wa kusini, ulipo mji wa Adelaide, unalielekea jua. Siku ni ndefu na miale inaanguka wima. Upande wa kaskazini umelipa jua mgongo. Mwezi Julai mambo hugeuka. (Zile kadi za Krismasi zenye theluji zinapaswa kuwachekesha watu wa Adelaide, ambao siku hiyo hutafuta kivuli.) Sisi tuliopo karibu na ikweta jua halituachi mwaka mzima. Baridi yetu ya Juni na Julai hutokana na mwinuko wa vilima na mbingu isiyo na mawingu: usiku ardhi inapoteza joto lake lote, kama chungu kisichofunikwa.

MWILI UNATAKA NYUZI 37

Awe Murukulazo, Chicago au Adelaide, mwili wa mtu una joto la nyuzi 37 hivi, na lazima ulishike. Ukishuka chini ya 35 mtu yuko hatarini. Ukipita 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, pia yuko hatarini.

Mwili wenyewe unajua kujitetea. Baridi ikija, damu huondoka kwenye ngozi na vidole, ikakimbilia moyo, mapafu na ubongo. Ndiyo maana mikono hufa ganzi. Kisha misuli hutetemeka ili itoe joto. Joto likija, damu hurudi kwenye ngozi na jasho hutoka. Jasho likikauka huchukua joto na kuondoka nalo.

Hapa tuseme neno juu ya rubisi. Mtu akinywa usiku wa baridi husikia joto, akaamini amepata dawa. Pombe imeifungulia damu njia ya kwenda kwenye ngozi. Ngozi inasikia joto, lakini ndani mwili unapoa. Mlevi aliyelala njiani mwezi Julai hupoa upesi kuliko mwenzake ambaye hakunywa.

Na lile koti zito? Halitoi joto lolote. Kazi yake ni kuzuia joto la mwili lisitoke. Kwa hiyo sweta mbili nyepesi, moja juu ya nyingine, zinaweza kufanya kazi ya koti moja, kwa sababu hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayokinga. Nguo iliyolowa haifai kitu, ivue.

JIKO LINALOUA BILA MOSHI

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike ukurasa huu. Katika mwezi wa Juni na Julai baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, hulala. Wapo wanaosema, “Tunasubiri mkaa ushike wote, uwe mwekundu, moshi uishe, hapo hauna madhara.” Jambo hilo si kweli hata kidogo.

Mkaa unapowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Moshi wa kuni angalau unatufukuza kwa kutuwasha macho; hii inamwacha mtu alale. Ikiingia kwenye mapafu hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi ya oksijeni, ikakalia nafasi yake. Ubongo unakosa hewa huku mtu anapumua. Mama mjamzito yuko hatarini zaidi, kwa kuwa mtoto tumboni huumia hata pale mama anapoonekana kupona.

Wengine huweka beseni la maji kando ya jiko wakiamini maji yanavuta sumu. Hayaivuti.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya wasiosoma. Februari 2021 baridi kali iliingia jimbo la Texas huko Marekani, jimbo ambalo watu wake wamezoea joto. Umeme ukakatika katika mamilioni ya nyumba. Katika mji wa Houston na kwingineko watu waliingiza ndani majiko ya mkaa ya kuchomea nyama, au waliwasha magari kwenye banda la gari lililoungana na nyumba ili wapate joto. Hesabu rasmi ya jimbo ilitaja vifo 246 kutokana na dhoruba ile. Wengi walikufa kwa kupoteza joto la mwili, na baadhi waliuawa na gesi hiyo hiyo ya jiko la mkaa.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Ni rahisi kufikiri ni malaria au ulevi. Lakini kama watu wote wa chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, shuku jiko. Fungua mlango na dirisha upesi, watoe watu wote nje kwenye hewa safi, kisha litoe jiko. Anayepumua lakini amezimia mlaze ubavu. Usimpe maziwa, sumu hii imo kwenye damu, haimo tumboni, na maziwa yanaweza kumpalia. Mpeleke hospitali hata akizinduka, kwa maana anahitaji kupewa oksijeni na kuangaliwa.

Mkitaka joto, oteni moto jikoni mlango ukiwa wazi kabla ya kulala, kisha ingieni kitandani bila jiko. Maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa hupasha kitanda cha mzee kwa muda mrefu.

MTOTO MCHANGA

Mtoto aliyezaliwa leo hupoteza joto upesi kuliko sisi, hasa kichwani, na hajui kutetemeka kama mtu mzima. Akizaliwa akaushwe mara moja, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, avishwe kofia, wafunikwe wote wawili. Kuoga kusubiri mpaka saa 24 zipite. Najua mabibi hawalipendi jambo hili, lakini mtoto hana uchafu wa kumdhuru. Baridi ndiyo inayomdhuru.

Kwa mtoto njiti, mama ni bora kuliko jiko lolote. Katika mji wa Bogotá, nchini Kolombia, mji ulio juu milimani na wenye baridi, mwaka 1978 madaktari walikuwa na watoto njiti wengi na mashine chache za kuwapasha joto. Wakaanza kuwafunga kifuani mwa mama zao mchana na usiku. Watoto walipata joto, wakanyonya. Ndiyo huduma ya kangaruu tunayoiona leo katika hospitali zetu. Baba naye anaweza kumbeba mtoto hivyo. Kifua chake kina joto lile lile.

Mgusa mtoto tumboni na miguuni. Akiwa wa baridi, amelegea na hataki kunyonya, mfunge kifuani na uanze safari ya zahanati huku yupo hapo.

Vipi nimonia? Baridi peke yake haileti nimonia. Huletwa na vijidudu, na vijidudu hupenda chumba kilichojaa watu na moshi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika moja, au wa miezi miwili hadi mwaka akifikia mara 50, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje asubuhi.

MTOTO MWENYE HOMA ALIYEFUNGWA BLANKETI

Hili tunaliona mara nyingi. Mtoto ana homa kali, anatetemeka, na mama kwa huruma anamvisha sweta, kofia na soksi, anamfunga blanketi, anambeba mgongoni juani hadi zahanati. Anafika akiwa amepata joto jingine juu ya homa. Mtoto huyo avuliwe, abaki na khanga nyepesi, anyonyeshwe au apewe maji, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Asimwagiwe maji baridi, maana humzidishia kutetemeka.

JOTO NALO HUUA KIMYA KIMYA

Tarehe 13 Julai 1995 mji wa Chicago, huo huo wa baridi, ulifika nyuzi 41. Katika wiki hiyo walikufa watu 739 zaidi ya idadi ya kawaida. Wengi walikuwa wazee walioishi peke yao, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi, na hakuna aliyewabishia hodi. Huko Oman, ambako kuna ndugu zetu wengi wanaosema Kiswahili, mji wa Quriyat ulipitisha saa 24 mwezi Juni 2018 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, hata usiku. Sheria ya huko inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti.

Kwetu joto halifiki huko. Lakini nyumba ndogo ya bati isiyo na dari, imefungwa, ndani mna mtoto aliyelala wakati mama yuko shambani, ni hatari kweli. Mchoma matofali na mchoma mkaa nao wana joto lao. Mkojo ukiwa mchache na wa rangi ya chai, mwili unalilia maji. Wazee hawasikii kiu vizuri, basi mzee apewe maji bila kungoja aombe.

Mtu akiwa kwenye joto mwili ukawaka, akaropoka au kuyumba, hiyo si homa ya malaria ya kutibiwa taratibu. Tofauti na mtoto tuliyemtaja juu, huyu amwagiwe maji mwili mzima, papo hapo, kivulini, na apepewe mfululizo huku usafiri unatafutwa. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu.

Na wewe mwenye mtoto ughaibuni, akikuambia kwamba vidole vimekufa ganzi na kuwa vyeupe kwa baridi, mwambie asivisugue wala asiviweke karibu na moto, kwa sababu havisikii vinapoungua. Aviloweke kwenye maji ya uvuguvugu, aende hospitali. Kisha muulize umeme ukikatika wanapashia nini nyumba joto.