Makato Yanayoanzia Shilingi ya Kwanza

Mvunaji wa maua kule Timau, au karani wa duka la jumla mjini Embu, akilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi halipi kodi ya mshahara, PAYE, hata senti. Asilimia 10 inayotozwa shilingi 24,000 za kwanza humezwa na nafuu ya 2,400 ambayo sheria humpa kila mwajiriwa. Wanasiasa hupenda kulikumbusha jambo hili, nalo ni kweli. Lakini mtu huyohuyo sasa anafika nyumbani na pesa chache kuliko alizopata miaka michache iliyopita.

Tufanye hesabu. Januari 2023 alikatwa 200 za akiba ya uzeeni ya NSSF na 750 za bima ya afya ya NHIF, akabaki na 19,050. Kufikia Oktoba 2024 NSSF ilikuwa 1,200, SHIF (iliyochukua nafasi ya NHIF) 550 na ada ya nyumba 300, akabaki na 17,950. Shilingi 1,100 zimetoweka bila PAYE kuguswa. Tuseme haki: makato ya bima yenyewe yalipungua kwa 200, na NSSF ni akiba yake ambayo mwajiri huiongezea kiasi sawa. Ila akiba ya uzeeni hailipi karo ya muhula huu, na aliye na mshahara mdogo hana pa kubana isipokuwa kwenye unga, mafuta ya kupikia na mchango wa chama.

Ada ya nyumba, inayogharimia mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu, ndiyo inayoudhi zaidi. Ilianza kukatwa Julai 2023, Mahakama Kuu ikaiharamisha Novemba mwaka huo, kisha sheria mpya ya Machi 2024 ikairejesha: asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na nyingine kama hiyo kutoka kwa mwajiri. Sasa, huku kwetu Igembe, Imenti au Mbeere, ndoto ya kijana anayeanza kazi ni kujenga kwenye kipande cha shamba la baba yake, mabati kwanza, mawe baadaye, kadiri pesa zinavyopatikana. Fleti ya mjini si haja yake. Anakatwa 300 kila mwezi, ambazo zingetosha kununua mifuko michache ya saruji kwa mwaka, ili zichangie nyumba ambayo huenda asiiombe kamwe. Kwa mtu wa Nairobi anayelipa kodi ya chumba maisha yake yote, hoja ya serikali ina mashiko. Huku ina mashiko madogo sana.

Mishahara nayo ilijikokota. Kiwango cha chini kilipanda kwa asilimia 12 Mei 2022, kisha kikakaa hadi Novemba 2024 kilipoongezwa asilimia 6. Makato yote niliyoyataja yaliingia katika pengo hilo.

Asiye na hati ya mshahara hajaponyoka. Mwendesha bodaboda wa Maua hulipia ushuru wake kwenye pampu: VAT ya mafuta iliruka kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na ada ya ukarabati wa barabara ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwaka uliofuata. Ndizi za Nkubu zinazosafirishwa Nairobi zimebeba ushuru huohuo, na bei ya shambani ndiyo hubanwa kwanza, maana dalali hakubali kubeba hasara. Mama wa soko la Gakoromone akituma pesa kwa simu, kampuni hutozwa ushuru wa asilimia 15 juu ya ada ya kutuma, na mzigo huo humwishia yeye. Na SHIF humtaka alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, angalau 3,600, wakati mapato yake huja kwa siku.

Juni 2024 vijana waliandamana nchini kote, na Mswada wa Fedha uliotaka kuutoza mkate VAT ya asilimia 16 ukaondolewa. Ulikuwa ushindi, lakini wa yale yaliyokuwa yanakuja. Yaliyokwisha kuingia yalibaki. Desemba mwaka huo sheria ya kodi ilirekebishwa, ada ya nyumba na SHIF zikaanza kutolewa kwenye mapato kabla ya PAYE kukokotolewa. Nafuu hiyo humfikia anayelipa PAYE. Mvunaji wa Timau, ambaye hadaiwi PAYE, haimgusi: bado anakatwa 850 zilezile.