Nilimlisha punda wa bibi kama farasi wa kwenye gemu!

Leo nina aibu kidogo. Kama una tabia ya kucheka watu, basi weka kikombe cha chai chini kwanza usije ukamwagia jirani.

Mwandishi wako naishi Karatu mjini, pale magari ya watalii yanaposimama kujaza mafuta kabla ya kupandisha Ngorongoro. Mshikaji wangu mmoja anayeosha hayo magari alinunua leptopu ya mtumba, na ndani yake akakuta gemu ya kilimo iitwayo Farming Simulator. Watengenezaji ni kampuni ya Giants Software ya Uswisi, na toleo la kwanza lilitoka 2008. Sisi tulikuwa na lile lililotoka Novemba 2018, lililoleta farasi. Ukiniuliza kwa nini kijana aliyezungukwa na mashamba ya ngano na mahindi akae ndani analima kwenye kioo, sina jibu la maana. Labda ni kwa vile trekta la mle halina mwenyewe wa kukudai hela ya kukodi.

Farasi wa gemu ni raha tupu. Unamwekea majani makavu na oti, unamjazia maji, unamtandikia mabua ya kulalia, unampiga brashi, unampanda kila siku. Basi bei yake inapanda. Ukizembea hafi, bei inashuka tu. Toleo la 2021 likaongeza hata mtama kwenye chakula chake. Mtama huu huu wetu! Nilikuwa na farasi watatu, wamenona mpaka wanang'aa, huku mimi mwenyewe nashindia chapati kavu na chai ya rangi.

Sasa sikia kisa.

Bibi yangu mzaa mama anaishi upande wa Rhotia. Ana punda jike mmoja tunayemwita Kijivu. Kijivu ndiye bomba la pale nyumbani: madumu mawili ubavu huu, mawili ubavu ule, lita 80 kila safari. Ndiye pia anayepeleka mahindi mashineni. Mwaka jana baada ya mavuno nilienda kusalimia, bibi akapata msiba wa kulala siku mbili, akaniachia mji.

"Kijivu mpe mabua na maji, basi," akaniambia.

"Mabua matupu, bibi?"

"Matupu. Mimi nimefuga punda kabla mama yako hajazaliwa."

Akaondoka. Nikamtazama Kijivu anatafuna bua kavu kama mtu anayetumikia kifungo, roho ikaniuma. Farasi wangu wanakula nafaka, huyu ndugu yao wa damu anakula takataka! Nikafungua gunia la mahindi ghalani. Ndoo nzima asubuhi, ndoo nyingine jioni. Alivyokula, wee! Nikajisikia mfugaji wa Ulaya.

Usiku wa manane nikasikia kishindo. Kijivu yuko chini, anagaragara, anageuza kichwa kuutazama ubavu wake, jasho linamtoka. Nilikaa naye na tochi ya simu mpaka kukapambazuka, na nakuambia kweli, kwa vile nimesoma mpaka kidato cha nne nilidhani nitajua la kufanya. Sikujua hata moja.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki asubuhi. Akasikiliza tumbo, akauliza kala nini. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, halafu akanipa somo ambalo sikulipata darasani. Punda na farasi hawacheui kama ng'ombe. Tumbo lao ni moja, tena dogo, na majani magumu yanakwenda kuchachushwa huko nyuma kwenye utumbo mpana. Nafaka ikiingia nyingi kwa mkupuo, wanga unafika huko haujasagika, unachacha vibaya, gesi inajaa. Na mnyama huyu hana uwezo wa kutapika. Kibaya zaidi, sumu yake inaweza kushukia kwenye kwato, akashindwa kusimama. Punda ndiyo kabisa: kaumbwa na nchi kame, mwili wake unajua kutoa nguvu kwenye majani ambayo farasi angekondea. Utafiti wa vinasaba uliotoka 2022 unasema alianza kufugwa huku huku Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Bibi hajausoma, lakini unaona alikuwa upande gani.

Nikamuuliza mbona farasi wenyewe hatuwaoni huku. Akasema kuna ugonjwa wa virusi unaoenezwa na visubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu, unaoweza kuua farasi 90 na zaidi kati ya 100 wasio na kinga. Punda milia wanakaa nao mwilini bila kuumwa, na kule kreta wamejaa. Punda wetu naye huupata lakini ni nadra kumsumbua. Ndiyo maana ukipanda Ngorongoro unakutana na akina mama wa Kimaasai na punda, siyo farasi. Na kule punda ana kazi hasa: kilimo kimekatazwa tena ndani ya hifadhi tangu 2009, kwa hiyo mahindi ni ya kununua, na kutoka gulioni mpaka bomani nani abebe?

Tukirudi kwa Kijivu: alipona tumbo, kwato zikagoma. Tukawa tunamlowesha miguu kwa maji baridi, yeye anasimama kama anakanyaga miiba. Bibi aliporudi hakunigombeza. Alichukua dumu akaelekea bondeni. Mwanamke wa miaka sabini na kitu! Afadhali angenichapa. Nikamkimbilia, nikampokonya, na kwa wiki sita nikawa mimi ndiye punda. Dumu moja la lita 20 kila safari, safari nne kwa siku. Bega la kulia mpaka leo lina alama.

Na hapo ndipo nikajua mnyama yule ana thamani gani. Wenye kununua ngozi walijua zamani, maana walikuwa wanachinja punda kwa maelfu kupeleka China kutengenezea dawa, mpaka Umoja wa Afrika ukaazimia kuzuia biashara hiyo Februari 2024.

Leptopu bado ipo, mshikaji kaniambia farasi wangu bei imeshuka vibaya. Wacha ishuke. Kijivu sasa anatembea vizuri na madumu yake manne, anakula mabua na makapi ya maharage. Ila ghala lina kufuli jipya, na nikipita karibu nalo bibi anakohoa.