Umepewa AE? Hujafeli, lakini usikae tu

Umetoka shule, umefika Kencom, na sasa umekaa kwenye matatu ya 46 ukielekea Kawangware. Makanga anaitisha fare, muziki uko juu, lakini mawazo yako yote yako ndani ya bag. Kuna karatasi moja humo. Hisabati: AE. Sayansi: AE. Kiswahili: ME. Mat ikifika Yaya tayari umetunga hotuba mbili za kumwambia mathe, na hakuna hata moja inayoingia akilini.

Unajua atakachouliza. Hatauliza AE ni nini. Atauliza, "Umekuwa namba ngapi?" Na ripoti yenyewe haina namba.

Kama umewahi kuwa kwenye kiti hicho, hii ni yako. Shule inatarajia kitu fulani kutoka kwako, nyumbani wanatarajia kingine, na wewe uko katikati bila mtu wa kukueleza vizuri unachotakiwa kufanya. Tuanze na hizo herufi.

Herufi zinasema nini

Katika mtaala wa CBC, kazi yako hailinganishwi na ya jirani yako darasani. Inalinganishwa na kiwango kilichoandikwa. EE ni kuzidisha matarajio, ME ni kufikia matarajio, AE ni kukaribia matarajio, na BE ni kuwa chini ya matarajio. Hakuna mahali palipoandikwa "mjinga".

Kwenye mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9, kila herufi imegawanywa mara mbili, kwa hivyo viwango ni 8. EE1 ni kuanzia asilimia 90 kwenda juu, na inakupa pointi 8. EE2 ni 75 hadi 89. ME1 ni 58 hadi 74, ME2 ni 41 hadi 57. AE1 ni 31 hadi 40, AE2 ni 21 hadi 30. BE1 na BE2 ziko chini ya hapo, na BE2 ina pointi 1.

Hebu angalia hizo namba tena polepole. Ukipata 38 kwenye Hisabati, uko AE1. ME2 inaanza 41. Umebakisha alama tatu tu, na hizo zinaweza kuwa swali moja uliloliruka kwa sababu muda uliisha. Lakini pia usijidanganye: aliye na 22 yuko kwenye AE vilevile, na safari yake ni ndefu zaidi. Ndiyo maana "nimepata AE" peke yake haitoshi. Tafuta kujua ni AE gani.

Mathe hakuonei

Wazazi wengi wa Nairobi walisoma mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985. Wao walifanya KCPE, na KCPE ilikuwa alama. Ulikuwa na 380 au ulikuwa na 240, na kila mtu kwenye plot alijua. Ukiitisha ripoti, kitu cha kwanza kilikuwa nafasi: wa 3 kati ya 52, wa 41 kati ya 52. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, lakini mazoea hayaishi kwa sababu mtihani umeisha. Mathe anapouliza namba, anakupima kwa rula aliyopimiwa yeye.

Kwa hivyo usimwachie karatasi mezani halafu ukimbilie simu. Kaa naye dakika kumi. Mwambie hivi: "Mum, hii AE inamaanisha nimekaribia lakini sijafika. Nimekwama kwa sehemu na desimali. Ticha amesema nikizielewa hizo, naweza kufika ME muhula ujao." Mzazi akisikia tatizo lina jina, hasira hushuka kidogo. Akisikia "sijui, ticha ananichukia," hapo umejichomea.

Halafu kuna jambo moja ambalo hata yeye huenda halijui, na ndilo zito kuliko yote.

Asilimia 40 huingia mapema

KJSEA ilifanywa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2025, na watahiniwa zaidi ya milioni moja. Wengi walidhani kila kitu kingeamuliwa kwenye zile siku za mtihani. Sivyo. Mtihani wenyewe ni asilimia 60 ya matokeo. Asilimia 20 inatoka kwa KPSEA uliyofanya Gredi ya 6. Asilimia 20 nyingine ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8.

Maana yake ni kwamba siku unapokaa kwenye dawati la KJSEA, asilimia 40 ya matokeo yako tayari iko kwenye mitambo ya KNEC. Ile project uliyochukulia poa Gredi ya 7, ile tathmini uliyokosa kwa sababu "si ni ya shule tu," zilikuwa zinahesabiwa.

Kama uko Gredi ya 7 au ya 8 sasa hivi, hiyo ni habari njema. Bado unaandika sehemu yako.

Ticha anatarajia nini haswa?

Wengi wetu tunasoma kwa kubahatisha. Ticha anasema "tia bidii," nawe unaenda nyumbani kutia bidii, lakini bidii ya nini? Kila somo lina vigezo vya kutathminia, na mwalimu anavyo. Si siri ya serikali. Chukua kusoma kwa ufasaha katika Kiswahili: mwalimu anasikiliza matamshi, kasi, sauti, na ishara. Anayefikia matarajio anazingatia yote. Anayekaribia anazingatia baadhi. Kwa hivyo kama ulipata AE pale, huenda matamshi yako ni safi kabisa, ila ulisoma mbio kama makanga anayetangaza stage. Hilo linarekebishika wikendi moja.

Ukipewa kazi iliyosahihishwa, mwendee mwalimu baada ya kipindi, si katikati ya darasa, na umuulize mambo matatu. Mosi: "Mwalimu, nilitakiwa nionyeshe nini hapa?" Pili: "Ni kipi nimekosa?" Tatu: "Naweza kuona kazi iliyofika ME?" Andika majibu nyuma ya daftari la somo hilo, papo hapo. Ukingoja hadi ufike nyumbani utakumbuka nusu.

Na kama unaogopa kumkabili mwalimu, nenda na rafiki mmoja aliyekwama mahali palepale. Ukijibiwa vibaya mara ya kwanza, jaribu siku nyingine, au mwendee mwalimu wa darasa. Viboko visikutishe: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imevipiga marufuku shuleni.

Project ya cyber haikusaidii

Tuambiane ukweli. Kila muhula kuna mtu anaingia cyber mjini jioni, analipa, anatoka na project imechapwa rangi zote. Ticha anaiangalia sekunde tano na anajua. Kisha anakuuliza, "Ulitengenezaje?" na unaanza kuangalia viatu.

Kinachotathminiwa ni kama unaweza kufanya na kueleza ulichofanya. Kielelezo cha kadibodi kilichopinda kidogo lakini unakijua ndani nje kina nafasi nzuri kuliko kile kizuri usichokielewa. Na kama nyumbani ni chumba kimoja, TV imewashwa na mtoto analia, usijilaumu kwamba huwezi kusoma hapo. Omba shule ikuruhusu kubaki saa moja baada ya masomo, au Jumamosi panda mat hadi maktaba ya kitaifa ya KNLS, kule Community, Upper Hill.

Kwa nini inafaa uanze sasa

Gredi ya 10 ina mikondo mitatu: STEM, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Matokeo yako yanachangia kuamua unaenda mkondo gani na shule gani. Sasa kuna watu wanakimbia Sayansi ya Jamii wakidhani wametoroka Hisabati. Pole, hakuna kutoroka. Kila mwanafunzi wa sekondari ya juu anasoma Hisabati, ila walio nje ya STEM wanasoma ile nyepesi zaidi. Hizo sehemu na desimali zitakufuata tu, heri uzimalize saa hii.

Lakini chagua somo moja kwanza. Si tisa zote. Ukijaribu kuinua kila kitu wiki moja, utachoka Jumatano. Chukua lile ulilokaribia zaidi, uliulizie, ulifanyie kazi wiki tatu, halafu uende kwa linalofuata.

Na iwapo nyumbani au shuleni mambo yamekuwa mazito kiasi kwamba unaogopa kurudi na hiyo ripoti, au unafikiria kujidhuru, usibaki nayo peke yako. Zungumza na mtu mzima unayemwamini, au piga 116. Ni laini ya watoto na simu ni ya bure.

Ukishuka Kawangware leo jioni, herufi kwenye karatasi hazitakuwa zimebadilika. Itoe tu kwenye bag kabla hujaulizwa. Anza na ile AE, umwonyeshe mathe ni wapi umekwama, na umwambie kesho unamwona ticha wa Hisabati saa ngapi.